Injini ya Zamani Si Chuma Chakavu

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, hupita katika mitaa yetu ya Likoni, Kisauni na Changamwe vijana wenye mikokoteni wakinadi kwa sauti: "Vyuma! Vyuma chakavu!" Huchukua sufuria zilizotoboka, vitanda vilivyoliwa na kutu, baiskeli zisizo na magurudumu na mabati yaliyong'olewa na upepo wa kusi. Kazi yao ni ya halali, wala siwakejeli. Kila mja hutafuta riziki yake. Lakini asubuhi moja ya mwaka 2019 mmoja wao alisimama mbele ya ua wa marehemu mjomba wangu huko Likoni, akachungulia chini ya mkungu, akaona kitu kilichofunikwa turubai.

"Baba," akaniambia, "hiyo injini nipimie. Nitakupa bei nzuri ya kilo."

Ya kilo! Kama viazi, kama vitunguu. Nilimwambia haiuzwi, naye akaenda zake akicheka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama yeye ndiye aliyekuwa na akili au ni mimi. Leo nataka kumjibu hadharani, kwa sababu naamini kwamba swali lake si langu peke yangu. Ni swali la mji wetu wote.

Injini yenyewe ni ya Datsun 1600 SSS. Wasomaji waliozaliwa juzi huenda wasijue jina hilo lina uzito gani. Basi nawaomba subira kidogo niwakumbushe.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya mwanzo Wajapani hawakuwa kitu. Watu waliwacheka, wakasema magari yao ni ya bati la kopo. Lakini mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata wakashinda tena kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 kijana wetu Shekhar Mehta akashinda kwa 240Z, kisha akarudi kushinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa magari ya Datsun. Hata sinema ilitengenezwa: mwaka 1969 Wajapani walitoa filamu kubwa kuhusu dereva wao anayekuja kushindana Safari, akiigiza Yujiro Ishihara, mwigizaji mashuhuri kabisa wa kwao wakati huo. Naam, matope ya Afrika Mashariki ndiyo yaliyowapa Wajapani jina la kuuza magari duniani.

Na magari hayo yako wapi leo? Ile 240Z iliyoshinda mwaka 1971 iko katika hifadhi ya kampuni ya Nissan huko Zama, Japani. Mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo waliifufua ikanguruma tena. Wenzetu wameitunza kama kito. Sisi tulio na barabara zenyewe, tulioyasukuma magari hayo yalipokwama, tunaziuza ndugu zake kwa kilo.

MBIO SI ZA WAMAREKANI PEKE YAO

Wapo watakaosema kwamba kupenda injini kuukuu ni ugonjwa wa Wazungu. Kwa kweli Wamarekani wana historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari la watu wa kawaida lenye injini ya silinda nane, na baada ya miaka michache magari hayo yakawa yanauzwa kwa bei ya mkono wa pili ambayo hata kijana kibarua aliimudu. Vijana wa California wakayanunua, wakang'oa mabawa, viti na kila kizito kisicho na faida, wakafungua injini na kuziunda upya ili zikimbie, kisha wakaenda kushindana juu ya maziwa yaliyokauka. Magari hayo wakayaita hotirodi. Walikuwa watoto wa wakulima na mafundi wa mitaani, na hawakuwa na fedha za kununua gari la mbio. Walikuwa na mikono.

Je, hilo ni geni kwetu? Marehemu Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa gari aina ya Volvo PV544 ambalo lilikuwa limekwisha tumika. Kampuni kubwa zilileta magari mapya na wataalamu wao. Yeye alikuja na gari kuukuu na ujuzi wa spana. Baadaye, mwaka 1974 na 1976, alishinda tena kwa Mitsubishi Lancer. Watu wakamwita Simba. Huyo ndiye wetu. Kwa hivyo asituambie mtu kwamba kuunda injini ya kale ili ikimbie ni jambo tulilookota katika sinema.

Mjomba wangu hakushindana Safari. Alikuwa karani bandarini. Lakini gari lake alilijua kama mvuvi anavyoijua ngalawa yake, na Pasaka ikifika, wakati ule Safari ilipokuwa ikifanywa Pasaka, alikuwa hawezi kukaa nyumbani. Alipofariki aliacha gari lililooza bodi lote kwa hewa ya chumvi. Kilichobaki na maana ni injini. Nikaamua kuiunda upya, nayo niitie katika bodi nyingine ya Datsun niliyoipata Kisauni.

NILIVYOFUNDISHWA ADABU

Rafiki wa mjomba, mzee mmoja fundi wa Changamwe, ndiye aliyenipokea. Nilimwita Ami kama nilivyomwita tangu utotoni, naye akaniita mpwa. Jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa hili: "Mpwa wangu, wataka gari liende mbio, au wataka watu waseme gari lako laenda mbio?" Nikamjibu nataka liende. Akasema, "Basi nunua daftari kwanza, spea baadaye."

Mimi sikumsikiliza. Nilikuwa na haraka, na haraka haraka haina baraka. Niliipandisha bloku mkokotenini, tukavuka nayo kwa feri ya Likoni katikati ya watu na mbuzi, tukaipeleka kwenye karakana moja ya kukereza vyuma ambayo sitaitaja. Nikawaambia watanue silinda. Wakatanua. Injini hii inapotoka kiwandani ina silinda za kipenyo cha milimita 83. Wao wakazifikisha 84, kwa kuwa niliwaambia pistoni za ukubwa huo zinakuja. Pistoni zilipofika, nikazipima, zilikuwa za 83.5. Nusu milimita, msomaji! Kitu usichoweza kukishika kwa vidole kilikuwa kimeniharibia bloku. Ikabidi silinda zote nne zitiwe mikono mipya ya chuma na kukerezwa upya, kwa gharama ambayo hata mke wangu sikumwambia.

Ami hakunigombeza. Alisema tu, "Pistoni hupimwa kwanza, ndipo silinda hukerezwa. Mshonaji hapimi suruali kwanza kisha akatafuta mtu." Kisha akatoa daftari jipya la shule, akanipa kalamu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu siku hiyo kila alichopima nilikiandika.

Hapo ndipo nilipofahamu kosa wanalolifanya vijana wengi wetu wanaotaka mbio. Wao hudhani nguvu hutokana na kuongeza ukubwa. Lakini hebu tupige hesabu. Injini ile ina ujazo wa sentimita 1,595. Ukitanua silinda zake zote kwa milimita nzima, unapata kama 1,634. Umeongeza 39 tu, chini ya sehemu moja katika arobaini. Umekata chuma ambacho hakitarudi, na faida yenyewe hutaihisi hata ukipanda mlima. Nguvu iko kwingine: katika hewa inavyoingia, inavyobanwa na inavyotoka, na katika kila kitu kinachozunguka kuwa na uzito sawa na mwenzake. Ami alikaa siku mbili nzima akipima pistoni na mikono yake kwa mizani ya duka, akipunguza chuma kwa tupa mahali pasipo na madhara, mpaka zote nne zikawa sawa. Kazi hiyo haionekani. Hakuna atakayefungua boneti akaisifu. Lakini injini inayozunguka mara elfu sita au saba kwa dakika haisamehe pistoni moja iliyo nzito kuliko nyingine.

HEDI, HEWA NA BAHARI YETU

Jambo la pili lililonifumbua macho ni hili la kunyoa hedi. Kila kijana wa gereji atakuambia: ukitaka gari lipae, nyoa hedi. Maana yake ni kukwangua uso wa hedi ili nafasi iliyo juu ya pistoni ipungue, hewa na petroli vibanwe zaidi. Ni kweli, lakini ni kweli yenye mipaka. Silinda moja ya injini ile humeza kama sentimita za ujazo 399. Ikiwa mbano ni 9.5 kwa 1, nafasi inayobaki juu ni kama 47. Ukitaka mbano wa 10 kwa 1, nafasi hiyo yapasa iwe kama 44. Tofauti yake haifiki hata kijiko kimoja cha chai. Sasa mtazame fundi asiyepima, anayenyoa kwa kukisia: anaweza kupita mpaka huo bila kujua, na injini ikaanza kugonga, petroli ikiwaka kabla ya wakati wake, mpaka pistoni itoboke.

Na hapa ndipo Pwani ilipo na somo lake lenyewe. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu sehemu moja katika sita. Injini iliyonyolewa hedi Nairobi huimba vizuri Nairobi. Iteremshe mpaka Mombasa, kwenye hewa nzito na joto letu la mwezi wa pili, inaanza kugonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya pipa. Na kinyume chake pia: kabureta iliyorekebishwa Likoni ikipanda Nairobi humwaga petroli nyingi kuliko hewa, plagi zikawa nyeusi kama masizi. Madereva wa Safari waliokuwa wakiondoka Nairobi, wakateremka Mombasa na kurudi, walilazimika kuyajua haya yote. Vitabu vya kiwandani vinaeleza injini, lakini havielezi Mazeras wala Mariakani. Elimu hiyo ilikuwa vichwani mwa mafundi wetu.

Tena kuna siri nyingine ya injini hii. Kemshafti yake iko juu, ndani ya hedi, nayo huzungushwa kwa cheni inayotoka kwenye krenki. Ukinyoa hedi, kemshafti inateremka, cheni inalegea, na valvu zinachelewa kufunguka. Vijana hunyoa, gari likapungua nguvu badala ya kuongeza, wakalaani spea bandia. Ami alinionyesha gurudumu la meno la kemshafti: lina matundu matatu ya kulifungia. Waliolitengeneza walijua kwamba mambo yatahama, wakaacha nafasi ya kuyarudisha. "Wajapani hawakutoboa matundu haya kwa urembo," akasema.

Kisha liko suala la petroli. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006. Kwa mapafu ya watoto wetu ilikuwa baraka kubwa, wala sitamani irudi. Lakini risasi ile ilikuwa pia ikilinda vikalio vya valvu katika injini za zamani, hasa zile zenye hedi za chuma cha kawaida. Bila risasi, valvu hula kikalio chake polepole mpaka inakosa kufunga. Dawa ni kutia vikalio vigumu zaidi. Wangapi wanalijua hilo? Wangapi walizitupa injini nzuri wakidhani zimekufa, kumbe zilihitaji pete nne za chuma kigumu kwa valvu za kutolea moshi?

Na chumvi! Mtu wa bara anaweza kuiacha silinda iliyokerezwa wazi usiku kucha. Likoni ukifanya hivyo, asubuhi utakuta imevaa kutu jekundu. Kila jioni tulizipaka oili, tukazifunika kitambaa kisha turubai. Kila jioni, bila kusahau, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake.

WANAOPINGA WANA HOJA

Sitaki msomaji adhani kwamba wanaopinga jambo hili ni wajinga. Mtoto wa dada yangu, ambaye naye ni fundi hodari, aliniambia waziwazi: "Mjomba, unapoteza pesa. Kanunue injini ya Toyota ya kemshafti mbili, iliyotumika Japani, uifunge humo wiki moja tu. Ina nguvu zaidi, spea zake ziko kila duka, na haitakusumbua." Hoja hiyo ni ya kweli kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama nilichotaka ni gari la kwendea sokoni Kongowea, angekuwa amenishinda.

Jawabu langu ni kwamba injini ya kununuliwa nzima hukupa nguvu lakini haikufundishi kitu. Unaifunga, unawasha, unaondoka. Ikiharibika, unaitupa na kununua nyingine. Baada ya miaka kumi utakuwa na mji uliojaa watu wanaojua kubadilisha, na hakuna hata mmoja anayejua kutengeneza. Wakati kule ng'ambo mtu aliyeunda injini ya Datsun au ya Ford Escort kwa mkono wake anaheshimiwa kama seremala wa milango ya Lamu, sisi tutakuwa wateja wake.

Na tumekwisha anza kuwa. Tazama mashindano ya Safari ya magari ya kale, yaliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo mara kadhaa yameanzia au kuishia huku kwetu Pwani. Björn Waldegård wa Sweden, aliyeshinda Safari yenyewe mwaka 1977, alirudi akashinda haya ya kale mwaka 2007 na 2011. Stig Blomqvist, Mswidi mwenzake, akashinda 2015. Magari mengi huja kwa meli kutoka Ulaya, yameundwa huko, na mafundi wake wamekuja nayo. Yanapita vumbi letu, yanapigwa picha, yanarudi. Wapo Wakenya wanaounda magari yao na kuwashinda wageni hao, nao wanastahili pongezi zetu. Lakini nijibuni: katika vijana wa Changamwe na Miritini, mahali ambapo magari yamekuwa yakiunganishwa kiwandani kwa miongo kadhaa, wangapi wameitwa hata kushika spana?

Mpinzani wa pili ni mkali zaidi. Yeye husema: watu wa Kisauni wanatafuta maji, nawe unazungumzia injini ya mbio? Ni anasa hiyo. Ndugu yangu, swali lako ni zito, na kama ningekuwa nikiomba fedha za serikali ningenyamaza. Lakini mkono unaojua kupima silinda kwa mia-sehemu ya milimita ndio huo huo utakaofufua pampu ya maji, mashine ya kusaga mahindi na injini ya boti ya mvuvi. Injini ya mbio ni shule tu. Asiyeweza kuvumilia makosa madogo katika injini ya mbio hatayavumilia katika pampu ya kisima chako.

KILICHOPOTEA

Sasa nieleze lile lililonifanya niandike makala haya.

Injini ilikuwa imekwisha fungwa. Zilibaki kabureta mbili, maana SSS ina kabureta mbili, na yapasa zivute hewa sawasawa, la sivyo silinda mbili zitashiba na mbili zitabaki na njaa. Ami alikuwa na njia yake ya kuzisawazisha. Alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaitia sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo. Nilimwona akifanya hivyo kwa magari ya watu mara nyingi tangu nikiwa mtoto. Nikafungua daftari niandike: aanze na ipi, afungue kiasi gani, asikilize sauti ya namna gani, arekebishe lini kwa joto la mchana. Akasema amechoka, macho yanamsumbua, tutalifanya siku nyingine.

Siku nyingine haikufika. Ami alifariki wiki hiyo. Mola amrehemu.

Daftari langu lina kurasa 31. Humo mna vipimo vya pistoni, pengo la ringi ambalo alilitaka liwe zaidi kidogo ya 0.3 ya milimita, mpangilio wa valvu, namna ya kukaza nati za hedi kuanzia katikati kwenda nje, na hesabu yote ya mbano. Ukurasa wa 32 una kichwa cha habari tu: "Kabureta." Chini yake hamna kitu.

Mimi na mtoto wa dada yangu, yule yule aliyenishauri kununua ya Toyota, tulihangaika wiki kadhaa. Vitabu vipo na tulivisoma. Gari liliwaka siku ile ile ya kwanza, lakini lilikuwa likikohoa, likitulia, likikohoa tena. Tulisikiliza kwa mpira mpaka masikio yakauma. Hatimaye likatulia, na siku tulipolipeleka barabara ya kwenda Shika Adabu lilivuta vizuri hata kijana akapiga kelele kwa furaha. Lakini najua, na yeye anajua, kwamba Ami angelifanya kwa robo saa. Na najua kwamba si lile tu lililokwenda naye kaburini. Ni mafundi wangapi kama yeye katika Changamwe, Magongo, Mikindani na Likoni, na nani anayeandika?

Katika Ngome ya Yesu wametunza vitu vilivyotolewa katika jahazi la Wareno lililozama mwaka 1697. Wapiga mbizi walifanya kazi miaka ya 1970 kuviokoa kutoka chini ya maji. Ni vyema. Lakini tumewapigia mbizi Wareno waliotupiga mizinga, na hatuwezi kuinama kuokota elimu ya mzee wetu aliye hai, aliyeketi juu ya kopo la rangi mlangoni mwa gereji?

Nina mambo matatu ya kupendekeza, na hakuna hata moja linalohitaji Bunge.

La kwanza, mwenye injini kuukuu nyumbani asiuze kwa kilo kabla fundi mzee mmoja hajaitazama. Usiache mbachao kwa msala upitao. Chuma kikishaingia tanuru hakirudi kuwa krenki.

La pili, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho chimbuko lake ni MIOME ya zamani iliyowasomesha ufundi baba zetu, kichukue injini moja ya kale kila mwaka, wanafunzi waifumue na kuiunda upya, na mwalimu wao siku hiyo awe mzee wa mtaani, hata kama hana cheti. Vyeti watavipata kwingine.

La tatu ni kwa vijana wenyewe. Nendeni na daftari. Simu zenu zina kamera; mpigeni picha mzee akipima, mnaseni akieleza. Lakini andikeni pia kwa mkono, kwa sababu anayeandika huuliza, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Yule kijana wa mkokoteni bado hupita Likoni. Juzi alilikuta gari limewashwa uani, akasimama, akasikiliza. Akaniuliza kama ndiyo ile injini iliyokuwa chini ya mkungu. Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Baba, kule ninakouza nimeona nyingine kama hii. Nikuwekee?"

Nilimwambia aniwekee. Nimekwisha nunua daftari la pili.